Kitubio cha Mama Meno

Jumatano ya Juma Kuu, Mama Meno alipiga magoti kwenye kiti cha maungamo akiwa na haraka zake. Kule kazini alikuwa ameacha kalibu tatu za plasta zinakauka, na mteja wa saa tisa hakuwa mtu wa kungojeshwa. Akazitaja dhambi zake kama anayesoma orodha ya sokoni: hasira, masengenyo, Misa mbili alizokosa kwa uvivu. Mwishoni, kwa sauti ya kupita tu, akaongeza:

"Na mdogo wangu hatusalimiani."

"Tangu lini?" akauliza padre. Alikuwa padre mgeni, kijana, aliyeletwa kusaidia maungamo kabla ya sikukuu.

"Miaka sita, Padre."

Mama Meno alikuwa ameshaanza kuzihesabu Salamu Maria kichwani. Alikisia tano, zikizidi sana kumi.

"Kitubio chako," padre akasema, "kabla ya Pentekoste nenda nyumbani kwa mdogo wako. Ukae mezani kwake, mle pamoja."

"Na sala je, Padre?"

"Sali njiani."

Akaondolewa dhambi, akatoka nje, akasimama kwenye ngazi za kanisa kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

Jina la Mama Meno hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja, kwa sababu kwa miaka ishirini na saba alikuwa akitengeneza meno ya bandia katika chumba kidogo nyuma ya kliniki ya daktari wa meno. Daktari aling'oa, yeye akarudisha. Mezani kwake palikuwa na taya za plasta zilizopangwa safu kwa safu, vipande vya nta ya rangi ya waridi, taa ya spiriti na mashine ya kusagia iliyopiga kelele kama nyigu. Wazee wa mji ule, wengi wao, walicheka kwa mikono yake, naye alilijua hilo na lilimpendeza. Akipita mtu mzima anatabasamu barabarani, Mama Meno hakumtazama usoni, alitazama kazi.

Kazi aliyoionea fahari kuliko zote ilikuwa ya mama yake mzazi. Ilimchukua wiki tatu. Alichagua jino mojamoja, rangi isiwe nyeupe mno ikaonekana ya duka, na lile la mbele akalipindisha kidogo kama lilivyokuwa mama alipokuwa msichana. Mama alipozeeka na kuishiwa nguvu alihamia kwa binti yake mdogo, dobi, upande wa pili wa mji. Mama Meno alikuwa akienda kila Jumapili, na kila Jumapili mama alimpokea kwa tabasamu lile.

Kisha mama akafa. Siku ya mazishi, jeneza lilipofunguliwa watu wamuage, Mama Meno aliona midomo ya mama yake imezama ndani kama mfuko uliokazwa kamba. Meno hayakuwemo. Damu ikampanda kichwani. Mbele ya padre, mbele ya kwaya na waombolezaji wote, akamgeukia mdogo wake.

"Umeshindwa hata kumvika mama meno yake? Ulikuwa unamtunza, au ulikuwa unangoja afe?"

Mdogo wake hakujibu neno. Aliinamisha kichwa, akajifunga kanga vizuri, akaondoka kabla ya udongo wa mwisho. Na Mama Meno akajiambia: anayenyamaza amekubali. Miaka sita ikaota juu ya neno hilo moja.

Mkesha wa Pasaka ulifika. Kanisa zima lilishika mishumaa, nta ikiwatiririkia vidoleni. Padre akauliza kama wanamkataa Shetani na mambo yake yote, nao wakajibu kwa kishindo kwamba wanamkataa. Mama Meno alijibu pamoja nao, lakini moyoni kitu kikamkwaruza: mambo yake yote, na lile la kule ng'ambo ya mji je? Aleluya ilipopigwa, watu wakacheza, wakakumbatiana. Yeye aliimba pia, ila hakumkumbatia mtu.

Siku hamsini mpaka Pentekoste si haba, akajipa moyo. Wiki ya kwanza akasema ngoja sikukuu ipoe. Wiki ya pili, Dominika ya Huruma ya Mungu, akasikia jinsi Bwana alivyoingia milango ikiwa imefungwa akasema, "Amani iwe kwenu," akaona ni yeye anasemwa. Jioni ile akaandika ujumbe kwenye simu: "Mdogo wangu, habari za siku nyingi." Akaufuta. Akaandika, "Pasaka njema." Akaufuta huo pia, kwa kuwa Pasaka ilishapita wiki nzima na angeonekana kituko.

"Una nini wewe?" mumewe akamuuliza. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, mtu wa maneno machache na chai nyingi. "Tangu Pasaka unazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sina kitu."

"Basi kaa."

Akakaa. Baada ya dakika mbili alikuwa kainuka tena, anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

Wiki ya tatu alijikaza. Alivaa gauni la kutokea, akapanda basi, akashuka kituo cha kule, akasali njiani kama alivyoagizwa. Alipofika kwenye kona aliliona geti, na juu ya ukuta aliona shuka nyeupe zimeanikwa, zinapepea. Nyuma ya zile shuka kivuli cha mtu kilikuwa kinapita huku na huku. Pembeni palikuwa na mwanamke anauza nyanya. Mama Meno akanunua nyanya, akarudi nazo nyumbani.

"Umesafiri saa nzima kutafuta nyanya?" mumewe akauliza, akiuchungulia mfuko. "Hapa sokoni zimekwisha?"

Mama Meno akamnyang'anya mfuko, akaenda kuziosha.

Sasa hata kazi ikaanza kumkimbia. Mkono uliozoea ukawa mgeni. Siku moja alimpangia mzee mmoja jino la kushoto kulia na la kulia kushoto, na hakugundua mpaka daktari alipomrudishia ile nta ya majaribio akicheka. Kila Jumapili, kwenye Misa, alikwenda kupokea Komunio huku anajiuliza kama anayo haki. Asipokwenda, alijiuliza kama kutokwenda nako si kiburi. Usingizi alipata, raha hakupata.

Akaona heri amwendee paroko wake, mzee mwenye mvi aliyemfungisha ndoa. Alimkuta ofisini anapanga vitabu vya ubatizo.

"Padre, yule mgeni alinipa kitubio kizito. Naomba unibadilishie."

"Kizito au kichungu?"

Mama Meno akatazama sakafu.

"Naweza kukubadilishia," paroko akasema taratibu. "Ruhusa ninayo. Nikupe rozari hamsini, moja kwa kila siku ya kipindi hiki. Utazimaliza, nakujua. Nikupe?"

Jibu la ndiyo lilikuwa tayari ulimini. Angezisali zote bila kuruka hata moja, magoti yote mawili chini. Lakini mzee wa watu alimtazama bila hila, kalamu mkononi, anangoja tu aambiwe. Na Mama Meno akaona aibu ambayo hakuiona hata kule maungamoni.

"Basi, Padre," akasema. "Acha."

"Sawa. Ukitoka rudishia mlango, upepo unanichafulia karatasi."

Kupaa kwa Bwana kukapita. Siku zilizobaki zikawa kumi, zikawa tano, zikawa moja.

Jumamosi ya mkesha wa Pentekoste hakuvaa gauni la kutokea. Alitoka kazini saa sita mchana na vumbi la plasta kwenye nywele, akapanda basi akiogopa kwamba akipita nyumbani kuoga hatatoka tena. Pale kwenye kona hakutazama kushoto wala kulia. Akabisha geti kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Mdogo wake alifungua mwenyewe. Alikuwa amenenepa kidogo, mikono imebabuka kwa sabuni. Wakatazamana.

"Karibu, dada," akasema, kama vile jana tu walikuwa pamoja. "Pita ndani, pasi itaunguza nguo."

Mama Meno alikuwa amejiandaa kwa matusi. Ukarimu ulimkuta hana ngao. Akaingia. Chumba kilijaa mvuke na harufu ya sabuni, marundo ya shuka za nyumba ya wageni yamefika kiunoni. Mdogo wake akarudi kwenye pasi. Hakukuwa na kiti kisicho na nguo.

"Usisimame bure. Shika ncha hiyo."

Wakakunja shuka ya kwanza, mmoja huku, mwingine kule, wakasogeleana, vidole vikagusana, wakaachiana. Shuka ya pili. Ya tatu. Ya nne ndiyo iliyomshinda.

"Nimetumwa," Mama Meno akasema.

"Na nani?"

"Na padre. Ni kitubio. Aliniambia nije nile kwako kabla ya Pentekoste."

Mdogo wake akasimamisha mikono. "Na leo ndiyo siku ya mwisho."

"Ndiyo."

"Kumbe!" Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Wenzako hupewa Baba Yetu tatu, wewe umepewa mimi."

Neno lile lilichoma. Mama Meno alistahili, na alijua. Wakamaliza kukunja, wakaenda mezani. Chakula kilikuwa wali na maharage, cha mtu asiyetegemea mgeni, na mdogo wake alikigawa sawasawa katika sahani mbili. Wakafanya ishara ya msalaba. Baada ya matonge machache Mama Meno akaweka kijiko chini.

"Hili sikuagizwa na padre. Nilikukosea. Nilikuaibisha mbele ya watu, mama hajazikwa. Hata kama ulisahau yale meno, haikuwa haki yangu kusema vile."

"Sikuyasahau."

"Unasemaje?"

"Meno sikuyasahau, dada. Mama ndiye aliyekataa." Mdogo wake alisema akiitazama sahani. "Yalikuwa yanamuumiza. Miezi minne ya mwisho hakuyavaa kabisa, ila Jumapili. Ulikuwa ukibisha pale getini ananiambia, 'Lete upesi, dada yako huyo.' Anayavaa, anakutabasamia, unafurahi, unakwenda zako. Ukitoka tu anayatoa, na fizi zina damu. Aliniapisha nisikwambie. Alisema, 'Ataona kazi yake imeharibika, atanyong'onyea.' Akasema akifa asizikwe nayo, apumzike."

Mama Meno akaisogeza sahani kando. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mtu akikonda kwa ugonjwa fizi husinyaa, na meno yaliyomkaa vizuri jana humkata leo. Hilo huwaambia wateja wote. Dawa yake ni kusaga kidogo na kuongeza kidogo, kazi ya nusu saa. Na kila Jumapili, kwa miezi minne, alikaa mbele ya mama yake, akaitazama kazi yake ikimtabasamia, asimwulize hata mara moja kama inauma.

"Kwa nini hukusema? Pale pale makaburini, kwa nini hukunijibu?"

"Mbele ya watu wale?" Mdogo wake akamtazama kwa mara ya kwanza tangu waketi. "Nusu yao walikuwa wamevaa meno yako."

Mama Meno akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia mdomo wazi, na wali ndani. Mdogo wake hakumkumbatia, ila alimsogezea maji, akangoja.

"Nilikusamehe zamani," akasema baadaye. "Ile hasira niliiungama mwaka ule ule. Lakini kusamehe ni kitu kimoja na kuzoeana ni kingine. Usije ukadhani kesho tutakuwa kama utotoni. Mimi bado nikisikia sauti yako najikunyata."

"Nimeelewa."

"Kula basi, chakula kinapoa. Kitubio nusu si kitubio."

Kesho yake, Pentekoste, Mama Meno alikwenda Misa akitegemea kwamba ule mwasho wa wiki saba utakuwa umekwisha. Kitubio alikitimiza, sahani aliimaliza. Alipokea Komunio, akarudi kwenye benchi, akafumba macho, na badala ya amani akaona vinywa: kinywa cha mwalimu mstaafu, cha fundi seremala, cha bibi wa kwaya, vyote vinamtabasamia kwa heshima.

Jumatatu, kabla hajawasha taa ya spiriti, alichukua simu akaanza kuwapigia wateja wake wa zamani, mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa yule mwalimu mstaafu.

"Shikamoo, Mwalimu. Meno yanakuumiza?"

"Marahaba. Ah, mazuri sana, mwanangu, mazuri mno!"

"Umeyavaa sasa hivi?"

"Yako kwenye kikombe," mwalimu akakiri.

"Njoo leo."

Wiki ile walikuja kumi na mmoja. Daktari akashangaa foleni, mumewe akashangaa kumwona anachelewa kurudi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Hakulipisha mtu, na wala hakupumzika. Kila aliyeinuka kitini alimkumbusha mwingine ambaye hajampigia. Mdogo wake alimpigia mara moja tu, kumwambia kwamba Jumamosi ile alisahau mwavuli kule kwake. Walizungumza dakika tatu, mbili kati ya hizo zikiwa za habari za mvua. Alipokata simu Mama Meno akacheka peke yake, akarudi kazini.

Ijumaa aliingia bibi wa kwaya, akaketi, mkoba magotini, midomo ameibana.

"Inauma wapi, bibi? Sema kweli. Sitakasirika."

"Utakasirika," bibi akasema.

Mama Meno akavuta kiti, akakaa mbele yake, akakunja taulo za mikono zilizokuwa mezani ili vidole vipate cha kufanya, akangoja. Bibi alimtazama muda mrefu. Kisha akafungua mdomo, akaweka kidole kwenye ufizi.

"Hapa," akasema. "Na hapa. Na huku nyuma, mwanangu, tangu mwaka juzi."

"Haya," akasema Mama Meno, akainuka kuwasha mashine.