Mkono Uliobaki Kazini

Ijumaa saa kumi jioni Jawabu aliweka chaki chini ya ubao, akakung'uta vumbi kwenye sketi, akamwambia Mkuu wa Idara kwamba anakwenda kujifunza ufinyanzi. Mkuu akautazama ubao. Uthibitisho ulikuwa umebakiza mistari michache tu.

"Ufinyanzi?" akauliza. "Na hii nani ataimalizia?"

"Nitaimalizia mwenyewe Jumatatu, Profesa."

Alipofika kwa dada yake na kutaka kubonyeza kengele, ndipo alipoona kwamba mkono wake wa kulia haukuja. Kuanzia kwenye kiwiko shati lilining'inia tupu. Dada akafungua mlango, akalitazama, akasonya.

"Nilijua tu. Wale watu hawawezi kukuachia ukaondoka mzima."

Jina la Jawabu alipewa nyumbani utotoni, kwa kuwa hakukubali jawabu la mtu yeyote bila kuuliza limetoka wapi. Walimu walimtoa darasani kwa tabia hiyo, na alipofaulu wakamsifu kwa hiyo hiyo. Akawa mwanahisabati, na ujana wake wote ukaishia humo. Harusi ya dada aliihudhuria akikokotoa kwenye karatasi ya kufutia mikono. Akiitwa mezani, alijibu, "Subirini, karibu namaliza." Mpaka siku dada alipomketisha na kumuuliza, "Mdogo wangu, wakikunyang'anya hiyo chaki, utabaki nani?" Swali hilo lilimtesa Jawabu wiki nzima, mpaka akaamua kujaribu ufinyanzi.

Mfinyanzi hakushangaa kumwona na mkono mmoja. Alimsogezea kigoda, akasema wengi huja wakiwa pungufu. Kuna mhasibu aliyeyaacha macho yake ofisini, naye hufinyanga kwa kupapasa. Bakuli la kwanza la Jawabu lilikaa upande. Alilizungusha, akacheka mpaka machozi yakamtoka, maana hakuna aliyemtaka athibitishe chochote. Alipouliza kuhusu mitungi mikubwa iliyopangwa dirishani, mfinyanzi akamwambia ile inataka mikono miwili, mmoja nje na mmoja ndani.

Jumatatu akaenda kuudai mkono wake.

Idara ile ilikuwa na desturi. Uthibitisho ukikamilika, huchorwa kisanduku kidogo mwishoni, na aliyekichora ndiye mwenye uthibitisho. Mkuu hakuwa amethibitisha kitu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, lakini alikuwa na kipaji cha kutokea na chaki wakati mwenzake amefika mstari wa mwisho. Visanduku vya watu vilimpa ofisi yenye zulia. Ndiyo maana Ijumaa ile Jawabu aliiacha mistari michache kwa makusudi. Alitaka kisanduku hiki, angalau hiki, akichore mwenyewe.

Aliukuta mkono ubaoni, umeshika chaki, mistari yote imekamilika. Mwishoni kulikuwa na kisanduku kinono cha Mkuu.

"Naomba mkono wangu," akasema.

"Mkono uko kazini," Mkuu akamjibu kwa upole. "Aliyeondoka ni wewe."

"Lakini kazi hii ni yangu!"

"Na kisanduku ni cha nani?"

Hasira zilimpanda hadi masikio yakavuma. Akaugeukia mkono, akauambia waende nyumbani. Mkono ukaandika pembeni mwa ubao: *Subiri, karibu namaliza.* Kisha ukaanza uthibitisho mwingine. Matusi ya kumtukana Mkuu alikuwa nayo tele, ila mkono ulikuwa umemjibu kwa maneno yake mwenyewe.

Alipanda hadi kwa wakubwa wa Mkuu. Walimsikiliza, wakamwambia mkono wenyewe haujalalamika. Ungelalamikaje, na mdomo hauna! Mkuu aliusifu kila kona: hauli, hauumwi, hauna habari na ufinyanzi. Mwaka haukuisha, mkono ukapandishwa cheo. Jawabu alihamishiwa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa kuwa mwandiko wake wa mkono wa kushoto, walisema, haukuwa wa kitafiti.

Ijumaa hakuacha kwenda kwa mfinyanzi. Mabakuli alishayaweza. Mitungi ilimshinda, kila ukuta ulipoinuka uliporomoka, kwa kukosa mkono wa kuushikilia kwa ndani. Aliutukana udongo, akamtukana Mkuu, na dada yake, aliyekuwa akimsindikiza, akaongezea ya kwake. Kisha aliukanda udongo upya, akaanza tena.

Siku Mkuu alipopewa tuzo kwa uthibitisho ule, ukumbi ulijaa. Mkuu alipanda jukwaani pamoja na mkono, umevishwa saa mpya. Alizungumza kwa kirefu juu ya kujitolea, na juu ya vijana wa siku hizi wanaotaka kuondoka saa kumi. Akaushukuru mkono kwa msaada wake mdogo, akaushika, akautikisa mbele ya wapiga picha. Ukumbi wote ukasimama kupiga makofi. Jawabu alibaki amekaa, meno yameumana.

Mhadhiri mgeni aliyekuwa kando yake akamwinamia.

"Mama, mbona hupigi makofi? Au ni wivu?"

Jawabu akamwonyesha shati lililo tupu.

"Aa, samahani," akasema yule mhadhiri, na akazidi kupiga makofi kwa nguvu, ili afidie na ya Jawabu.