Hapa Mimi ni Lalla

Mama alivaa kaftani ya harusi kwenda kutazama sinema, na njia nzima hapa mjini Meknes alijitapa kwa kila aliyetusalimu. "Tuda, yule mfanyakazi wetu wa zamani, katengeneza filamu. Nani kamlea? Si mimi?"

Nami nilifurahi, wallahi. Tuda ndiye aliyenibeba mgongoni utotoni. Alitoroka kwetu akiwa kigori, miaka ikapita kimya, na leo katuletea tiketi! Filamu yenyewe ya pesa za kuungaunga, hata muuza mkate wa mtaani kwake kapewa kuigiza, lakini ukumbi ulijaa.

Taa zikazimwa. Kwenye skrini, msichana mdogo anashuka basi la kutoka milimani, kifurushi mkononi. Mwanamke aliyejipamba anamvuta jikoni, anafunga mlango.

"Sikiliza. Nimeolewa upya, na bwana hajui kama nimewahi kuzaa. Hapa wewe ni mfanyakazi, na mimi ni Lalla. Ukiniita mama, unarudi mlimani leo leo."

"Ndiyo, Lalla," mtoto anajibu.

Ukumbi mzima uliguna. Kwani mfanyakazi gani hamwiti bibi wa nyumba Lalla? Miaka yote ile nimemsikia Tuda akilitamka nikidhani ni heshima tu! Nikamgeukia Mama. Alikuwa akitafuna mbegu za alizeti, na sasa mkono umekwama mdomoni.

"Mama, hayo uongo, sivyo?"

"Nyamaza, Ghizlan."

"Tuda ni dada yangu?"

"Nimesema nyamaza! Watu wanasikia."

Hakusema hapana. Jamani, hakusema hapana! Dada yangu wa damu alikula makombo yetu, akalala stoo kwenye magunia ya unga, na mama yake mzazi akipita anamruka miguu. Astaghfirullah. Mtu anawezaje?

Filamu ilipokwisha, Tuda akapanda jukwaani, mwembamba vilevile, kicheko kilekile. Mzee mmoja akamwuliza, "Binti, huyo mama yako yu hai?"

"Yu hai, ami. Nimemwalika, yumo humu. Sitaki kitu kwake. Aniite mwanangu mbele ya watu, mara moja tu."

Watu wakaanza kugeuza shingo huku na huku. Nikampiga Mama kiwiko.

"Simama."

Akafungua mkoba, akajifanya anatafuta funguo.

"Mama, Baba kashazikwa. Unamficha nani sasa? Simama, nakuomba!"

"Funguo nimeziweka wapi mie," akanong'ona, wala hakuinua uso.

Nikasimama mimi.

"Dada Tuda!" Sauti ilinitoka ya kukwaruza. "Ni mimi, Ghizlan. Mdogo wako."

Tuda aliziba mdomo kwa mikono miwili. Nikajipenyeza kati ya magoti ya watu kumfuata, nikikanyaga viatu vya wenyewe bila hata kuomba radhi. Nyuma yangu mwanamke mmoja, mgeni kwetu, akamwuliza Mama, "Bibi, huyu uliyekuja naye ni binti yako?"

"Huyu?" Mama alijibu, sauti kavu kabisa. "Huyu mfanyakazi wangu."