Mafundo ya Juni

Valeria aliliona jani la isale juu ya meza, kando ya mashine ya kalamu. Huku Old Moshi humpi mtu isale bure. Unampa kumwomba msamaha.

"Baba Kastori, umefanya nini?"

Mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi. Nyuma yake nyaya za antena zilitanda juu ya migomba, zikipotelea ukunguni. Adhuhuri ilikuwa nzito, ya kusinziza, na kalamu ilichora mapigo ya nyota ya mbali.

"Nimeisogeza saa ya mashine, mwanangu. Siku zote tisa ulizolazwa."

Siku zenyewe ndipo jua lilipopita karibu na nyota ile, mara moja tu kwa mwaka, kila Juni. Hewa ya jua yenye umeme, ambayo wasomi huiita plazima, huyachelewesha mapigo kidogo mno, na chuo kilimtuma Valeria kupima kuchelewa huko. Kastori, mlinzi wa kibanda, aliwahi kugawa maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, miaka thelathini. Mfongoni maji yakichelewa humnyimi mtu zamu yake, unaisogeza. Basi nyota ilipochelewa aliionea huruma. Kila adhuhuri alizungusha kitufe cha saa, tik, tik, mpaka mstari ukakaa sawa, na jioni akakirudisha.

"Jana nilipokuletea uji hospitali," alisema, "ukaniambia kuchelewa ndiko mnakokutafuta. Sikulala."

Valeria alitazama karatasi. Mstari ulinyooka kama rula.

"Nikirudi mikono mitupu wanafunga kituo, Baba." Alilia, wala hakujificha. "Uliisogeza kiasi gani? Unakumbuka?"

"Kukumbuka sikumbuki. Nina kamba."

Akatoa kotini kamba ya ganda kavu la mgomba. "Zamu ukiisogeza lazima ufunge fundo, watu wasije wakagombana. Kila tik, fundo. Kila siku, nafasi."

Valeria alifumba macho, akaipitisha vidoleni. Mafundo mawili. Manne. Tisa. Katikati, siku jua lilipoikaribia nyota zaidi, kumi na saba yaliyobanana. Kisha yakapungua, taratibu, kama mtu anayeteremka mlima.

"Aika mbe," alinong'ona. Asante.

"Nisiiguse tena saa?"

"Usiiguse."

Aliliweka jani la isale ndani ya daftari, akashika penseli, akarudi kwenye fundo la kwanza, kuandika kuchelewa kwa kila siku.