Mshiriki wa Tatu

Siku makala yake ilipotoka kwenye jarida la kitaaluma, mtafiti alicheza ngoma bila ngoma. Alizunguka meza ya jikoni na kompyuta mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, mumewe akipiga makofi. Kisha akapiga magoti palepale, kati ya jiko na ndoo. "Asante, Mungu! Mimi niliyeanza masomo ya jioni wanangu wakinifundisha hesabu, leo nimechapishwa!"

Kwa kweli ilikuwa makala ya pili. Ya kwanza, iliyohusu ushauri nasaha kwa wake wa wagonjwa, ilisomwa na watu wawili, naye akiwa mmojawapo. Hii ya pili ilikuwa na kichwa kirefu kama treni, ila maana yake ilikuwa fupi: kwa nini wanaume watu wazima wanaogopa kupimwa saratani ya tezi dume, na ni nini kinachowatoa hofu. Aliowahoji walikuwa waimbaji wa sauti ya besi katika kwaya ya kanisa lao, maana wanaume wa umri ule utawapata wapi wengine kwa jumla, kama mayai kwenye trei? Kila mmoja alihojiwa peke yake katika chumba cha kuwekea vyombo vya muziki, na jina lake likafichwa. Kwenye makala waliitwa Mshiriki wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, na kuendelea.

Mmoja tu alikataa kuhojiwa: kiongozi wa besi, fundi bomba mstaafu, baba mzazi wa mtafiti.

"Mwanangu," alimwambia wakati ule, "nimezibua mabomba ya mji mzima. La kwangu niachie mwenyewe."

Na hilo la kwake ndilo lililomkosesha mtafiti raha. Mama yake alikuwa amemnong'oneza kwamba mzee siku hizi haishi kwenda chooni, na akienda anasimama huko mpaka unadhani amelala. Mtafiti alikuwa ameshauri waume za watu, wakaenda kupimwa. Kwa baba yake ulimi uligeuka jiwe. Binti anaanzia wapi kumwambia babake habari za tezi dume? Kinyozi hajinyoi. Kilichobaki kilikuwa kuomba, naye aliomba mpaka magoti yakaacha alama kwenye zulia.

Jumamosi, baada ya mazoezi, mwalimu wa kwaya alimwita mbele awasomee makala yake kwa lugha nyepesi. Besi walikaa safu ya nyuma, mikono vifuani, kama watu waliokuja kusikiliza kesi. Mtafiti akasoma mpaka akafika kwenye maneno ya Mshiriki wa Tatu:

"'Niliogopa kuliko siku ya harusi yangu. Nilijificha nyuma ya gari la wagonjwa, nikaomba. Kisha nikajiambia, simba hafi kwa sindano. Nikaingia. Walinitoa damu kidogo tu, nikashangaa kwamba jambo dogo hivyo ndilo nililolikimbia miaka yote. Nilitoka nikiimba.'"

Akaongeza kwamba wataalamu walioipitia makala waliyaita maneno hayo moyo wa utafiti mzima.

Loo! Angejua asingeongeza.

"Huyo ni mimi!" alipaza sauti fundi cherehani, mtu mnene, mcheshi, akasimama kwa kishindo mpaka kiti chake kikaanguka.

"Wewe?" alidakia dereva wa lori. "Wewe unayeogopa hata sindano ya cherehani yako? Simba ni mimi. Mke wangu mwenyewe ananiita simba."

"Anakuita simba kwa sababu unalala mchana kutwa!"

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Akina mama wa sauti ya kwanza waliegemeana wasianguke. Mtafiti akainua mikono. "Wazee wangu, siwezi kusema ni nani. Niliahidi kutunza siri, hata mkinifunga kamba."

Ndipo ikatoka pembeni ile sauti nzito inayotikisa vioo. "Acheni kelele. Mshiriki wa Tatu ni mimi."

Baba yake! Alikuwa amesimama, ameshika kola ya koti kama anayepigwa picha. Kiongozi wa besi awaachie wengine usimba? Haiwezekani.

Mtafiti akisema si yeye, amevunja ahadi na kumwaibisha mzazi mbele za watu. Akisema ndiye, amesema uongo, tena kanisani. Akafumba macho. *Bwana, elimu yangu imeishia hapa.*

Alipoyafumbua, fundi cherehani alikuwa akimtazama yeye, kisha mzee, kisha yeye tena. Akaokota kiti chake taratibu.

"Jamani, nilikuwa natania," alisema. "Simba ni mkubwa wetu, nani mwingine? Tena afadhali umejitokeza, kaka. Jumatatu naenda kupimwa, na moyo wangu ni wa kuku. Wewe unaujua mlango. Nipeleke."

Mzee alikohoa. "Jumatatu nina kazi ya bomba."

"La nani?"

"La jirani."

"Jirani yako si mimi?" alisema mwalimu wa kwaya. "Mabomba yangu mazima kabisa, mzee wangu!"

"Basi nawapeleka kwa lori," alisema dereva. "Na ambaye hajapimwa apande pia. Tutamfuata simba!"

"Simba! Simba!" wakaitikia akina mama, na kwa kuwa walikuwa kwaya, punde likawa wimbo wa sauti nne. Mzee akatazama huku na huku. Hakuona tundu la kutokea.

"Lori litaondoka saa ngapi?" aliuliza, kwa kisauti ambacho besi haijawahi kukisikia.

Jumatatu mtafiti alikaa mbele kwenye lori, akaona na kusikia yote kupitia dirisha lililo wazi. Mzee alifika nyuma ya gari la wagonjwa mbele ya hospitali, akasimama asisogee tena. Fundi cherehani akamshika mkono.

"Hapa ndipo ulipoomba mara ile, kaka?"

"Hapahapa," mzee akajibu.

"Basi tuombe tena."

Wakaomba. Mlangoni muuguzi akamchekea fundi cherehani: "Simba wangu, umerudi! Leo hujifichi?"

Mzee alisikia. Ila hakuuachia ule mkono, wakaingia ndani wameshikana kama watoto wa shule.

Majibu yalipotoka, mzee alipiga simu mwenyewe, kwa sauti yake yote. Tezi ilikuwa imekua, kama ya wazee wengi, lakini saratani hakuna. Amepewa vidonge, na ataendelea kwenda kupimwa.

"Haleluya, Baba!"

"Haleluya. Sasa sikia, utaandika makala nyingine?"

"Mungu akipenda."

"Nihoji. Nina maneno mengi. Ila unipe namba mpya, ile ya Tatu ina mwenyewe."

"Baba, unamjua?"

"Siulizi wala sisemi. Lakini kuanzia leo suruali zangu zote atashona yeye."

Mtafiti aliweka simu mezani, akaanza kuizunguka meza ya jikoni. Mumewe, hata bila kuuliza kuna nini, akapiga makofi.