Mkongojo wa Nne

"Inuka tena," Swabir alisema. "Mti hauna kosa."

Dama aliushika mkongojo kwa mkono wa kulia, akapiga hatua moja, akarudi kitandani kwa kishindo. Tangu ateleze kwenye shamba la mwani hapo Kibuyuni na kuvunjika nyonga, huu ulikuwa mkongojo wa tatu kuchongewa na mumewe. Ijumaa dadake, Hafsa, angekuja kumchukua akamuuguze Lunga Lunga. Swabir hakutaka hata kusikia. Mke wa fundi auguzwe kwa watu, na fundi mwenyewe yupo?

Na fundi alikuwa kweli. Mipini, miiko, mbuzi za kukunia nazi, vya mtaa mzima vilipita mikononi mwake. Kishikio cha mkongojo alikichonga kwa kipimo cha kiganja cha Dama, kila kidole na mahali pake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wahenga walisema. Swabir chake alikilalia miaka thelathini.

"Hutaki tu," alimwambia.

Kikombe cha chai kikateleza kitandani, Dama akakidaka kwa mkono wa kushoto, upesi, bila kukitazama.

Swabir alikitazama kile kikombe kwa muda.

"Dama, una shoto?"

"Tangu kuzaliwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Wiki ya arusi nilikupa maji kwa mkono huu. Uliyamwaga mbele ya mamako, ukasema kwetu sikufunzwa adabu." Alisema kwa sauti ya mtu anayesimulia ya jirani. "Nikajifunza huo mwingine. Vyote ulivyonichongea nimevishika kwa mkono usio wangu."

Swabir aliona haya, akachukua tezo lake la kuchongea akatoka nje. Mkongojo wa nne, wa mkono wa kushoto, ulimtesa. Mkono wake ulikimbilia upande ule ule ulioujua, akaharibu kigogo kizima cha mwarobaini. Mwishowe alilazimika kuuliza.

"Hapa panakuumiza?"

"Hapo. Punguza."

Akapunguza, akauliza tena. Moyoni alifurahi, maana alijua sasa Dama atabaki.

Ijumaa Dama alitembea mwenyewe kwa mkongojo ule hadi kwenye tuktuk alimokaa Hafsa.

"Si unatembea sasa?" Swabir alisema. "Ya nini tena kwenda?"

"Nilikuwa nachelea kubebwa," Dama alisema. "Sasa naenda kwa miguu yangu."

"Utarudi lini?"

Dama alimwambia dereva awashe.

Swabir alirudi penye kigogo. Alilishika tezo kwa mkono wa kushoto, akapiga. Likateleza pembeni. Akapiga tena.