Mtamba wa Gati na Gitaa la Bibi Nyangi

Picha ilipoingia kwenye simu, Gati alikuwa ameinama akipalilia mihogo. Jembe lilimponyoka. Alikuwa mpiga solo wa bendi ya harusi pale Susuni, mwanamke aliyezoea kusimama mbele ya umati huku watu wakimnyooshea vidole, kwa hiyo hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Lakini ile picha ilimkalisha chini, juu ya tuta.

Ilitoka kwa shemeji yake Benedicto, mpiga besi wao, aliyekuwa amepeleka mbegu Mbalibali kwa kirikuu, kigari chake cha mizigo. Ndani ya ghala la mtu, juu ya magunia ya mtama, kulikuwa kumening'inizwa gitaa la umeme. Lilikuwa jekundu lililofifia kama udongo wa kichuguu, kiuno kimebonyea kama cha nyigu, na pande zote mbili za nyuzi kulikuwa na tundu refu lililojipinda. Gati aliyajua magitaa ya namna hiyo kwa kuyasikia. Tumbo lake liko wazi kama la gitaa la kawaida, ila katikati limepitishwa gogo la mbao, ndiyo maana sauti yake ina ukali na utamu kwa pamoja. Kulishika hakuwahi.

"La nani?" aliandika, vidole vimejaa udongo.

"La bibi mmoja anaitwa Nyangi," Benedicto akajibu. "Hataki hela. Anasema hela haizai. Anataka ng'ombe."

Jioni ile Gati alimweleza mumewe, Emanueli. Emanueli alicheka mpaka akaona anacheka peke yake.

"Mtamba kwa gitaa? Gati, watu watasema tumelogwa."

"Waseme. Yule mtamba ni wa nani?"

"Wako. Baba yako alikupa wewe."

"Basi."

Emanueli alikuna kichwa, akamtazama mkewe vizuri, kisha akaenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji kuulizia kibali cha kumsafirisha ng'ombe.

Gati na Benedicto waliondoka kukiwa kumekucha. Mtamba alisimama nyuma ya kirikuu amefungwa huku na huku, mweusi mwenye paji jeupe, akizishangaa barabara za Serengeti kama mtalii. Gati alikaa mbele, amepakata gitaa lake la umeme la siku zote, lile la mbao nyepesi linalolia kama debe, na miguuni ameweka spika ya kuchaji. Njia nzima hakunyamaza. Itakuwaje kama shingo imepinda? Kama mchwa wamekula ndani? Kama bibi amebadili mawazo?

"Shemeji," Benedicto alisema, "hata siku ya harusi yako hukuhangaika hivi."

"Harusi nilijua bwana harusi ni mzima."

Bibi Nyangi walimkuta uani, akipepeta mtama. Alikuwa mrefu, mkavu, na hakuonyesha haraka yoyote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayepiga?"

"Ndiyo, bibi."

"Mwanamke?"

"Ndiyo."

Bibi Nyangi alitua ungo. "Walikuja wanaume watatu kabla yako. Wote waliniuliza, marehemu mume wako alipiga bendi gani?" Alicheka kwa pua. "Mume wangu hakujua hata kupiga filimbi. Gitaa ni langu. Nilikuwa napiga gitaa la rithim Musoma, kabla hujazaliwa wewe, na kabla ya mama yako kuota meno ya utu uzima."

Gati akatabasamu kama mtoto aliyepewa muwa.

Gitaa likaletwa. Gati alilipokea kwa mikono miwili, akalilaza kwenye kanga. Alichungulia shingo kwa jicho moja kama fundi anayepima ubao: imenyooka. Aligonga tumbo kwa kidole, likaitika. Alipolitikisa, kitu kilichakarika ndani, na kwenye matundu yakaanza kumwagika mabonge ya udongo mkavu, nyumba ya nyigu walioishi humo miaka nenda miaka rudi. Wakacheka wote. Uzi mmoja ulikuwa wa breki ya baiskeli.

"Umemaliza?" aliuliza bibi.

"Bado kidogo, bibi. Nisamehe."

"Usiombe radhi, kagua. Na mimi naenda kukagua changu."

Akamwendea mtamba, ambaye Benedicto alishamshusha na kumfunga uani. Alimfunua mdomo akatazama meno, akambonyeza mbavu, akapapasa kiwele, akauliza mama yake alikuwa anatoa maziwa kiasi gani na kama alikuwa na tabia ya kupiga teke. Gati alijibu huku akifunga nyuzi mpya, na yeye akauliza nati za kukazia nyuzi zilibadilishwa lini na kama gitaa limewahi kunyeshewa. Benedicto alisimama katikati, akigeuza shingo huku na huku, asijue nani anamnunua nani.

Nyuzi zilipokaa sawa, Gati alichomeka waya kwenye spika. Kimya. Akazungusha kitufe cha sauti, kimya vilevile. Benedicto akachukua kipande cha msasa, akasugua tundu la kuchomekea lililoshika kutu, akachomeka tena kwa nguvu.

Gitaa likapiga ukunga.

Ulikuwa mlio mrefu, mnene, unaopanda, kama fisi amemeza king'ora. Kuku walitawanyika. Mtamba alirusha miguu ya nyuma, kamba ikakatika, akaruka ua na kuingia kwenye mahindi akielekea upande wa mbugani.

"Ng'ombe! Ng'ombe!" Benedicto alipiga yowe, na kwa Mbalibali, penye wezi wa mifugo, neno hilo halisubiri maelezo. Watu walitokea kila upande na fimbo. Gati aliacha kila kitu akakimbia peku, akikanyaga miiba bila kuisikia, akiliona gitaa linamponyoka kwa miguu minne ya ng'ombe.

Walimkamata kwenye kijito, anahema, masikio wima. Walipomrudisha, Gati alimwendea bibi, bado yu peku.

"Bibi, nimekuaibisha. Kama umeghairi..."

"Nighairi nini?" Bibi Nyangi alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kanga. "Ng'ombe mwenye mbio kiasi hiki nani atamwiba? Mfungeni pale. Ni wangu. Na wewe njoo hapa nikufundishe kusimama."

Akamshika mabega, akamgeuza. "Tumbo wazi halitazamani na spika. Likiisikia sauti yake lenyewe linachanganyikiwa. Ipe spika ubavu. Punguza sauti hapo. Haya, sasa piga."

Gati akapiga.

Sauti ilitoka pana, ya joto, kila noti ikiwa na mwili, ikitetemeka mbavuni mwake kabla haijafika kwenye spika. Miaka yote alikuwa akikwaruza nyuzi kwa nguvu ili asikike. Hapa aligusa tu, na uani watu waliokuja na fimbo wakazishusha. Alicheka kwa sauti. Hakujua machozi yalikuwa yameanza saa ngapi.

"Usiache kupiga!" Bibi Nyangi alikuwa tayari amelichukua lile gitaa la debe, amelichomeka kwenye tundu la pili la spika, amekaa kwenye kigoda. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vikakosea mara mbili, akavitukana kwa Kinata, lugha ya kwao. Kisha vikakumbuka. Rithim ikaanza kutembea, kavu, yenye mbwembwe, na Gati akaiparamia juu kwa solo. Benedicto akapindua ndoo akaipiga. Mzee mmoja akaegesha fimbo ukutani, akashika kiuno, akaanza kucheza, na nyuma yake uwanja mzima.

Hawakuondoka mpaka kivuli cha ghala kilipofika kwenye zizi. Bibi Nyangi alilifunga gitaa jekundu kwa kanga yake mwenyewe, akampa Gati kwa mikono miwili. Lile la debe hakulirudisha. Alikuwa bado amelikumbatia.

"Hili linabaki," alisema. "Hatukuliweka kwenye mapatano, najua. Ila vidole vimeshaamka, nitavilazaje?"

"Baki nalo, bibi. Na Jumamosi ya wiki ijayo tuna harusi Tarime mjini. Mpiga rithim wetu anatusumbua."

Bibi Nyangi alitazama mtama uliobaki kwenye ungo, akamtazama Benedicto.

"Hiyo gari yako," aliuliza, "itanifuata asubuhi au mchana?"