Kura ya Rowena

Kofi la kwanza lilimkuta Rowena bado ameshika mwiko wa wali. Lilimgeuza shingo likamtupa kwenye friji, na sumaku zilizobandikwa mlangoni zikamwagika sakafuni. Damaris alikuwa kwenye jiko lao dogo, amewapa mgongo, akigeuza chapati. Alisikia ule mlio kabla hajaona kitu.

"Simu," Dante alisema. "Itoe, uifungue."

Rowena alijishika shavu. Alikuwa mwanamke mfupi, ameshapita arobaini, nesi wa chumba cha upasuaji katika hospitali ile ile alikofanya kazi Damaris. Huko walimjua kama mtu asiyepandisha sauti hata daktari akimtupia mkasi.

"Sitoi," alisema. "Nenda ukapige kura yako. Hii ni yangu."

Walikuwa wanawake watatu katika fleti hiyo ya Fereej Bin Mahmoud, mtaa wa Doha: Damaris wa Nakuru, na Wafilipino wawili, Rowena na Analyn. Analyn, mdogo wao, alitengeneza nywele katika saluni moja kule The Pearl. Dante alikuwa mpenzi wake, forimani wa ujenzi kule Lusail, nje ya Doha, na Ijumaa hiyo mchana Analyn mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Hakujua kwamba nyuma ya Dante kulikuwa na mwanamume mwingine, pande la mtu lenye shingo nene, ambaye aliingia bila salamu, akafunga mlango na kuuegemea.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa uchaguzi wa maseneta kwao Ufilipino. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, walio ughaibuni waliweza kupiga kura kwa simu. Mtu alijiandikisha kwa kupiga picha ya uso wake, simu ikimkubali anachagua watu wake. Dante aliona neema hapo. Mkoa waliotoka yeye, Rowena na Analyn ulikuwa mikononi mwa ukoo wa Salcorro tangu enzi za mababu, na sasa mkubwa wa ukoo huo alitaka useneta. Watu wake walimwahidi Dante ukuu wa bandari ya mjini kwao akiwaletea kura za Doha. Basi akawa anazunguka kambi za Lusail na vyumba vya wahudumu, anakusanya simu, anaziweka mbele ya nyuso za wenyewe, kisha anawachagulia. Wengi walicheka wakampa. Kura ni nini kwa mtu aliye mbali na kwao?

Rowena hakucheka. Kila Ijumaa baada ya misa alibaki uani mwa kanisa akizungumza na wanawake mmoja mmoja.

"Mimi simuulizi mtu ni wa chama gani," alikuwa akisema. "Nauliza mawili tu. Ni mwizi? Na kazi anaijua? Mwizi anayeijua kazi atakuibia kwa ustadi. Mwaminifu asiyeijua atakuua huku anakuombea. Nimeona wote wawili chumba cha upasuaji."

Analyn alimbishia kwa miezi. "Dada Rowena, kimbunga kilipong'oa paa la mama, Salcorro alituletea mabati wiki ile ile. Hao waaminifu wako walikuwa wapi?"

Jioni moja Rowena alimjibu. Alimwambia habari za mumewe, Ernesto, mhandisi wa mkoa. Ukoo wa Salcorro ulikuwa umejenga ukuta wa kuzuia mto, saruji yake nyepesi kama uji wa mgonjwa, na Ernesto akakataa kuupitisha. Walimtumia wajumbe, akakataa. Wakamtumia pikipiki. Alipigwa risasi mbele ya duka la mikate, mkate bado ukiwa na moto kwapani mwake. Mhandisi mwingine aliupitisha ukuta, na masika ya kwanza mto ukaubeba, pamoja na mtaa mzima uliolala nyuma yake.

Analyn alilia usiku huo. Lakini alimsimulia Dante, na Dante akajua ni nani anayemharibia kazi yake pale uani mwa kanisa.

Damaris alikuwa akiyasikia yote hayo kwa sikio moja. Yeye hakuwa na kadi ya kura, hakuwahi kuwa nayo. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi pale watu walipochinjana Nakuru baada ya uchaguzi. Aliona karakana ya useremala ya baba yake ikiungua na mlinzi wake ndani, mzee mmoja mcheshi aliyekuwa akimpa visehemu vya mbao achezee. Alimsikia akiita. Tangu siku hiyo, neno uchaguzi likitajwa alibadilisha stesheni ya redio.

"Dada, kura ni kitu cha kuua watu," alimwambia Rowena siku moja, baada ya kumsimulia habari za yule mlinzi.

"Kura haikumuua yule mzee, Damaris. Waliomuua ni watu, tena watu waliotumwa."

Sasa waliotumwa walikuwa sebuleni kwao.

Pande la mtu lilimshika Rowena mikono kwa nyuma. Dante alimpapasa aproni akaipata simu mfukoni. Aliifungua ule ukurasa wa kujiandikisha, kwani alijua Rowena alikuwa bado hajajiandikisha, akamkamata nywele na kumwinulia uso mbele ya simu. Rowena alifumba macho, akapindisha mdomo. Simu ikakataa.

Dante alimpiga ngumi ya tumbo. "Fumbua macho."

Rowena alifumbua, akamtemea mate.

Ngumi iliyofuata ilikuwa ya uso. Iliyofuata hiyo ililia, mlio wa kitu kinachokatika, na taya la Rowena likahama upande. Damu ilimtiririka kidevuni ikaingia kwenye wali. Dante alimwinua tena mbele ya simu, kana kwamba hakuona alichofanya, na simu ikakataa tena, kwa sababu ule haukuwa tena uso wa mtu yeyote.

"Dante, tosha! Utamuua!" Analyn alimrukia. Dante alimsukuma kwa kiwiko, Analyn akaanguka juu ya meza ya kioo, meza ikapasuka chini yake.

Hapo ndipo Damaris alipotoka jikoni na kikaango.

Kilikuwa kikaango cha chapati, cha chuma kizito, alichokibeba kwenye begi kutoka Kenya, na kilikuwa kimetoka motoni. Alianza na yule wa shingo nene, akamgandamizia mkononi. Ngozi ilichachatika. Mtu yule alipiga ukelele wa kitoto, akamwachia Rowena, akafungua mlango na kutoka mbio.

"Wacha huyo mama!" Damaris alimpigia Dante kelele, ingawa Dante hakujua Kiswahili hata neno moja. Alipogeuka kumtazama, kikaango kikamkuta sikioni.

Alianguka kwa magoti. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba. Damaris angeweza kuishia hapo. Alimpiga bega. Akampiga mgongo. Akaupiga mkono uliokuwa umeshika simu, akausikia mfupa, akaupiga tena. Dante alijikunja sakafuni katikati ya vioo, akafunika kichwa, akaomba kwa lugha yake. Damaris hakuyajua yale maneno, lakini alielewa vizuri sana kwamba anaombwa. Alielewa, na akainua kikaango tena.

Mikono ilimkumbatia kwa nyuma. Ilikuwa ya Vuai, mlinzi wa jengo, Mzanzibari wa makamo aliyepanda ngazi kwa kasi aliposikia makelele.

"Dada Damaris! Basi! Keshaanguka huyo!"

"Niachilie nimmalize!"

"Sikuachilii. Nipige mie ukitaka, lakini sikuachilii."

Damaris alimpiga teke la muundi, akampiga na kisogo puani. Vuai hakulegeza. Alimshikilia hivyo hivyo, damu ikimtoka puani na kumdondokea begani, mpaka kikaango kilipomtoka mkononi chenyewe. Ndipo Damaris alipoona kwamba kiganja chake kimeungua, mpini wote umejichora kwenye nyama.

Polisi walipofika walikuta mwanamume mwenye sikio lililochunika na mkono uliovunjika mara mbili, na mwanamke mwenye kikaango miguuni pake. Dante aliwaambia alikuja kumtembelea mpenzi wake, huyu mwendawazimu akamvamia. Nani kampiga Rowena? Huyo huyo. Rowena hakuweza kufumbua kinywa. Walimkimbiza hospitali, akaingizwa nusukaputi. Analyn, mgongo umejaa vipande vya kioo, aliulizwa mara moja, akatazama chini.

"Nilikuwa bafuni," alisema. "Sikuona."

Damaris alimtazama akisema vile na hakuwa hata na nguvu ya kumchukia.

Alilala mahabusu. Wanawake wengine walimwachia godoro la pembeni kwa sababu ya mkono wake uliofungwa bendeji. Alijua anaweza kufukuzwa nchini, leseni ya unesi ikaenda nayo, na mama yake huko Nakuru asingeelewa. Lakini si hilo lililomkosesha usingizi. Alikumbuka jinsi mkono wake ulivyokuwa mwepesi baada ya pigo la tatu, na ile raha iliyompanda kifuani. Miaka yote alijiuliza wale vijana walioichoma karakana walikuwa watu wa namna gani. Sasa alikuwa amekwisha jua, na hakukuwa na mtu wa kumweleza.

Vuai ndiye aliyeanza kuifungua kesi. Aliwaambia polisi kwamba alipokuwa akipanda ngazi alipishana na jitu likishuka, limeshika mkono ulioungua, na kamera ya mlangoni ikaonyesha wanaume wawili wakiingia. Yule wa shingo nene alikamatwa kwenye kambi yake Lusail, na hakuhitaji kubanwa. Alisema yote, akamtupia Dante mzigo.

Kisha Analyn akaenda kituoni kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyemwita.

"Nilidanganya," aliwaambia. "Mlango niliufungua mimi. Nilimwona akimpiga Ate Rowena mpaka taya likavunjika." Ate ni dada mkubwa kwao, na Damaris alikuwa ameletwa kusikiliza.

Walimwachia Damaris. Ofisa aliyemrudishia vitu vyake alikuwa kijana mpole. "Kumtetea rafiki, sawa," alimwambia. "Mtu aliye chini, khalas, yamekwisha, anaachwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," Damaris alisema, na alimaanisha kuliko kijana yule alivyoweza kujua.

Rowena alitoka hospitali meno ya juu na ya chini yamefungwa pamoja kwa waya, uso umevimba rangi ya biringani. Siku za kujiandikisha zilikuwa zinaisha. Alijaribu kitandani, alijaribu dirishani kwenye mwanga, alijaribu huku Damaris amemshikia simu. Kila mara ilikataa.

"Dada, tuache," Damaris alisema. "Umeshalipa vya kutosha."

Rowena alimtazama kwa jicho lake moja lililofumbuka, akaanza kuvaa viatu.

Ubalozini kulikuwa na meza ya kuwasaidia walioshindwa na simu, na foleni yake ilifika nje. Rowena alijipanga mwisho. Watu waligeuka mmoja mmoja kumtazama. Wanaume wawili wenye vumbi la ujenzi kwenye viatu walimkaribia, na mmoja akamwuliza kwa sauti ya chini, "Ni Dante?"

Rowena alitikisa kichwa kukubali.

Yule mtu alitukana, akamgeukia mwenzake na kumsukuma kifuani. "Nawe ulimpa simu yako unacheka!" Mwenzake akamrudishia, wakashikana mashati, na ikabidi walinzi waingie kati. Walipotenganishwa, yule wa kwanza alikuwa akilia. Foleni ilifunguka, na Rowena akapelekwa mbele.

Karani alilinganisha pasipoti na uso huo kwa muda mrefu. Alimwuliza jina la mama yake, mahali alipozaliwa, naye Rowena akajibu kwa kuandika. Mwishowe karani aligonga muhuri.

Alipokaa mbele ya mashine ya kupigia kura, hapo hapo ubalozini, hakuharakisha. Alipitia majina yote, akirudi, akisita. Kulikuwa na mgombea mmoja, mwalimu wa dini, ambaye Damaris alijua Rowena anampenda. Kidole kilisimama juu ya jina lake, kikapita. Rowena aliona Damaris ameshangaa, akaandika kwenye karatasi: *Mtu mwema. Hajawahi kuendesha hata kantini.* Hakuna aliyenung'unika nyuma yao.

Salcorro alishinda. Alipita katikati ya orodha ya washindi kumi na wawili, bila jasho. Kati ya wale aliowachagua Rowena, wawili walipata viti. Dante alihukumiwa kifungo, na baada ya hapo kurudishwa kwao.

Analyn alikuja kuchukua nguo zake wiki ya mwisho ya Mei. Rowena alikuwa ameanza kuongea, kwa meno yaliyobanwa, maneno yakitoka kama yamepigwa pasi. Alimkaribisha chai. Analyn alikaa ukingoni mwa kiti.

"Ate, sitaki ulisikie kwa watu," alisema. "Nilimpigia kura Salcorro. Ni lile paa. Mama yangu analala chini yake."

Kikombe cha Rowena kilipita karibu na sikio la Analyn kikapasukia ukutani. Chai ilitiririka hadi sakafuni. Analyn hakuinama wala hakukimbia; alikaa tu, macho amefumba, akingoja kingine.

Damaris alikuwa amekwisha simama. Aliuweka mkono wake wenye kovu juu ya mkono wa Rowena, akaukandamiza mezani kwa nguvu, kama Vuai alivyomfanyia yeye.

Rowena aliutazama ule mkono wenye kovu. Kisha aliuliza, "Ulipiga mwenyewe? Hakuna aliyekushika mkono?"

"Mwenyewe."

"Ulisoma majina yote?"

"Yote, Ate."

"Basi," Rowena alisema, na sauti ilikuwa bado ya mtu mwenye hasira. "Uchaguzi ujao bado miaka mitatu. Tutabishana."

Damaris alimwachia mkono, akaenda kutafuta ufagio.